ILALA: KUTOKA MZIZIMA HADI JIJI



Ukimwuliza mwanafunzi Ilala ni nini, atakujibu kwamba ni pale penye soko, au ni kituo cha daladala cha Boma. Jibu hilo si baya ila ni dogo mno. Wilaya ya Ilala huanzia pwani, Kivukoni na Feri, ikapita Kariakoo, Buguruni na Ukonga, ikafika Pugu, Chanika na Msongola ambako bado kuna mashamba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.6. Tangu mwaka 2021 halmashauri yake ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Mwanzo wake ni kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari ile iliyojificha, akaanza kujenga kando yake mji aliouita Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama vizuri. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni jinsi walivyoukata mji. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, ziliugawa katika kanda tatu. Kwa maandishi, kanda hizo zilitofautiana kwa aina ya majengo: hapa nyumba za Kizungu, pale maduka na nyumba za mawe, kule vibanda vya udongo na makuti. Rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa, maana kila mmoja alijua nani ana uwezo wa kujenga nini. Wananchi wenyewe hawakuficha maneno. Waliita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini liliachwa eneo la wazi ili kuwatenga watu, kwa kisingizio cha afya. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja.

Ng'ambo ya uwanja huo ndiko Kariakoo. Jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyotumika kukiita kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Wapagazi hao walibeba risasi na chakula cha jeshi kwa miguu katika vita ambavyo havikuwa vyao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Watu wengi wanaonunua vitenge pale leo hawajui kwamba wanalitamka jina la kikosi hicho.

Baada ya vita Kariakoo ikajaa nyumba za Kiswahili, na hapa nawaomba vijana wasome polepole. Nyumba hiyo ilikuwa na kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kulikuwa na jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na vingine akapangisha. Hivyo Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mnubi walijikuta wakitumia ua mmoja, na lugha ya ua ilikuwa Kiswahili. Jioni wanaume walikaa kibarazani wakazungumza habari za kazi, ngoma, mpira na siasa. Kwa maoni yangu, kibaraza hicho kilifundisha umoja kuliko hotuba nyingi.

Siasa ilikuwa karibu. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association, ambayo jengo lake lilikuwa New Street, sasa Mtaa wa Lumumba. Katika jengo hilo, tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa TANU. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa bado mwalimu wa shule ya sekondari ya Pugu, ambayo leo imo ndani ya Wilaya ya Ilala. Mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili ashughulikie chama. Mikutano ya TANU ilifanyika Jangwani na Mnazi Mmoja, na uwanja uliotengwa ili watu wasikutane ukawa uwanja wa kukutania. Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo.

Mpira nao una maskani yake wilayani. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake Jangwani; Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, iko Mtaa wa Msimbazi. Umbali kati yao unatembeka kwa miguu, ila si siku ya mechi. (Mwandishi hatasema yeye ni wa upande gani.)

Mgeni anayetaka kutembea aanzie Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambako limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Akitoka hapo, bustani ya mimea iliyopandwa na Wajerumani iko jirani. Kisha aende Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli ya miaka ya 1970, atazame paa lake la miavuli mikubwa ya zege. Moto uliliunguza Julai 2021, likahitaji kukarabatiwa.

Lakini nyumba za Kiswahili hazikungoja moto. Tangu biashara ilipolegezwa masharti, kiwanja cha Kariakoo kimekuwa dhahabu. Wengine waliuza wakahamia Mbagala au Chanika. Wengine waliingia ubia na wenye fedha, yakapanda maghorofa yenye maduka chini. Siwalaumu, kwani paa linalovuja halizibwi kwa historia. Hata hivyo ghorofa moja lilianguka tarehe 16 Novemba 2024, watu zaidi ya 20 wakafa, na tangu hapo swali la nani anajenga nini Kariakoo si la wapenda mambo ya kale peke yao.

Nyumba chache za zamani bado zimebanwa katikati ya maghorofa. Chama cha Historia cha shule kingeweza kwenda huko wakati wa likizo na futi ya kupimia, daftari na kamera, kikachora ramani zake na kuwauliza wazee waliozaliwa humo nani alikaa chumba gani. Baadhi yetu tunaoishi jirani tuko tayari kuwaongoza, na chai tutalipa sisi.