Ulemavu, Ukoo na Tiba katika Historia ya Matombo

Matombo, tarafa ya Wilaya ya Morogoro iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, ina historia ndefu ya kuwatunza watu wasioona, wasiosikia, wasioweza kutembea na wenye kifafa, na historia hiyo inaonyesha kwamba matunzo yalikuwa suala la ardhi na ukoo muda mrefu kabla hayajawa suala la dawa, na yalikuwa suala la dawa kabla hayajawa suala la haki. Mikabala hiyo haikupokezana zamu kwa utaratibu, maana kila mmoja ulimkuta mwenzake nyumbani na ukaendelea kuishi naye. Anayetaka kuuelewa ulemavu milimani humu kwa kusoma kumbukumbu za hospitali peke yake, au sheria za Bunge peke yake, atakosa jambo kubwa kuliko yote, nalo ni nani aliyewajibika kumlisha nani, na kwa mavuno ya shamba la nani.

Waluguru huhesabu ukoo, ambao kwa lugha yao huitwa lukolo, kwa upande wa mama. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika juu ya ardhi na siasa za Uluguru katika kitabu chao cha mwaka 1960, waliorodhesha koo zipatazo 50, kila moja ikiwa imegawanyika katika matawi yenye wakuu wao, na mkuu wa tawi ndiye aliyegawa ardhi na kuongoza tambiko, yaani ibada ya kuwakumbuka na kuwaomba waliotangulia. Katika mfumo huo mtoto alizaliwa akiwa na haki katika ardhi ya wajomba zake, na haki hiyo haikutegemea ndoa ya wazazi wake idumu wala baba yake akubali kumlea. Jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa mtu mwenye ulemavu. Baba aliyekimbia nyumba kwa sababu amezaliwa mtoto asiyeona hakuondoka na ardhi. Na mwanamke asiyeweza kutembea, akizaa, aliuongeza ukoo sawasawa na dada yake mwenye miguu mizima, hivyo ukoo ulikuwa na sababu ya kumthamini ambayo haikupimwa kwa jembe.

Haifai, hata hivyo, kuupamba ukoo kupita kiasi. Maradhi ya kudumu na viungo vilivyopinda vilitafutiwa chanzo katika hasira ya mizimu, katika mwiko uliovunjwa au katika uchawi wa jirani, na mganga aliyepiga ramli aliweza kuirudisha amani ya nyumba au kuivunja kabisa. Katika pwani na bara yake ya karibu ilijulikana pia imani ya kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza au aliyezaliwa kwa namna isiyo ya kawaida, ambaye alihesabiwa kuwa mkosi na ambaye, kama kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinavyoshuhudia, aliweza kuuawa. Ulinzi wa ukoo ulimfikia aliyekwisha kupokewa ndani yake. Aliyekataliwa mlangoni hakuwa na pa kwenda kudai.

Hali ya nchi nayo ilichangia kuamua ni kasoro gani ya mwili ingekuwa mzigo. Milima ya Uluguru hupanda hadi zaidi ya mita 2,600 kwenye kilele cha Kimhandu, na mashamba ya mahindi, mpunga, muhogo na migomba yametundikwa kwenye miinuko ambako kila mkungu wa ndizi hushuka kichwani mwa mtu. Mtu asiyesikia alilima na kubeba kama wenzake, kwa hiyo hakuonekana kupungukiwa sana, lakini aliyepooza mguu alifungiwa njia na mteremko wenyewe, akabaki nyumbani kusuka mikeka, kupukuchua mahindi na kuwaangalia watoto wakati mama zao wako shambani.

Mwaka 1897 Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanzia Bagamoyo mwaka 1868 na kufika Morogoro mwaka 1882, walifungua misheni Matombo, na pamoja na mafundisho ya dini walileta namna nyingine ya kuutazama mwili. Mkabala wa kitabibu, kama wataalamu wanavyouita, huuona ulemavu kuwa hitilafu iliyo ndani ya mtu mmoja, yenye chanzo kinachoweza kutambuliwa na pengine kuondolewa kwa dawa, upasuaji au mazoezi. Mkabala huu ulipata wafuasi kwa matokeo yake, na mfano ulio wazi kuliko yote ni buba, ugonjwa wa vidonda ambao usipotibiwa hula mifupa na kuharibu nyayo hata mgonjwa asiweze kutembea. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni na misheni nyingi za Tanganyika zilitoa sindano za dawa zenye bismuthi na aseniki, vidonda vikakauka kwa haraka iliyowashangaza watu, na tangu hapo sindano ikawa na heshima ambayo vidonge havijaifikia. Mwanaanthropolojia Peter Pels, ambaye kitabu chake cha mwaka 1999 kinahusu mahusiano ya wamisionari na Waluguru wa Matombo, ameonyesha kwamba watu walipokea vitu vya wageni kwa mantiki yao wenyewe, na ndivyo ilivyokuwa kwa sindano, kwani kumponya mtu kidonda hakukujibu swali la nani aliyemtupia.

Ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi kama ile inayoshuka kutoka Uluguru kuingia Ruvu, ulipofusha watu hatua kwa hatua mpaka dawa ya ivermectini, iliyoanza kutolewa bure na kampuni ya Merck mwaka 1987, ilipofika vijijini kupitia wagawaji waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Ukoma ulikuwa na historia chungu zaidi, kwa kuwa tiba yake ya zamani ilikuwa kutenganishwa na watu: wagonjwa walihamishiwa makazi maalumu, kama yale ya Chazi katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Mvomero, na wengi wao, hata baada ya dawa mseto kuanza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1982, hawakurudi katika ardhi ya wajomba zao. Hapo ndipo tiba ilipomponya mtu vidudu na kumwacha bila lukolo.

Kule Mahenge, kusini mwa mkoa huohuo wa Morogoro, mambo yalikwenda kinyume chake. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 akawakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao kwa hofu kwamba mate yao huambukiza, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwashika. Dawa ya kila siku ilipopunguza kuanguka, baadhi yao walikubaliwa tena kula na wenzao. Ushahidi huo unastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba ulemavu wote umetengenezwa na jamii, maana katika kliniki ile kidonge ndicho kilichofungua mlango ambao nasaha hazikuufungua.

Serikali, kwa upande wake, ilimpima mtu kwa kazi. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilitangazwa mwaka uleule misheni ya Matombo ilipofunguliwa, na chini ya Waingereza aliyekuwa mzee au dhaifu wa mwili, asiye na mali, aliweza kusamehewa kodi, hivyo kwa mara ya kwanza ofisi ikapata mamlaka ya kuamua ni nani hajiwezi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na nia yake ya usawa, liliwaweka vilema pamoja na watoto na wazee katika kundi la wanaoruhusiwa kuishi bila kufanya kazi. Ilikuwa huruma ya kweli, lakini ilimweka anayesuka mikeka kutwa nzima nje ya hesabu ya wazalishaji.

Mkabala wa kijamii uliibuka Uingereza, ambako chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kiitwacho UPIAS kilieleza mwaka 1976 kwamba kasoro ya mwili ni jambo moja na ulemavu ni jambo jingine, kwa kuwa ulemavu hutokana na ngazi, sheria na dharau zinazomzuia mtu. Msomi Mike Oliver aliupa mtazamo huo jina lake mwaka 1983. Nchini Tanzania Chama cha Wasioona kilikuwa kimeundwa tangu mwaka 1964, na sheria mbili za mwaka 1982 zilihusu ajira na matunzo, ya kwanza ikiwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kutenga asilimia 2 ya nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyofuata kuridhiwa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009, ilishusha kiwango hicho hadi waajiri wenye wafanyakazi 20 na kupandisha asilimia hadi 3. Kwa Matombo, ambako waajiri wa ukubwa huo ni nadra, kifungu chenye uzito ni kile kinachowapa ndugu wajibu wa matunzo. Sheria husema ndugu kana kwamba kila mahali ni walewale, ilhali katika Uluguru mjomba mwenye wajibu wa jadi ana watoto wake wa kuwasomesha, ardhi ya ukoo imegawanywa mpaka imekuwa vipande, na kazi ya kumwogesha, kumlisha na kumbeba mtu imebaki mikononi mwa mama, bibi na dada, ambao hawalipwi.

Hata kuhesabu kumebadilika kwa kufuata mkabala. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu asilimia 2 ya watu kuwa na ulemavu. Ile ya mwaka 2012, iliyouliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujihudumia, ilitoa asilimia 9.3 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi, na ya mwaka 2022 ikafikia asilimia 11.2. Bibi anayeshindwa kupanda kwenye shamba lake la mgongoni mwa mlima huhesabiwa katika maswali haya mapya. Vifaa vinavyotolewa kwa walio kama yeye, hasa viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu, vimetengenezwa kwa ajili ya barabara tambarare za mjini Morogoro, na katika vijiji vya juu vya Matombo mgonjwa bado hushushwa kwa machela mabegani mwa watu hadi mahali gari linapofika.