Kabla ya Beji ya Cambridge: Dzaleka na Historia ya Kumjua Mtu Alipo

Wanaosimulia historia ya teknolojia ya kumtafuta mtu ndani ya jengo huanzia Cambridge, Uingereza. Huko, kati ya mwaka 1989 na 1992, Roy Want, Andy Hopper na wenzao wa maabara ya Olivetti walitengeneza beji iliyotoa ishara ya mwanga usioonekana kila baada ya sekunde 15. Vipokezi vya ukutani vikaonyesha mvaaji yuko chumba gani, ili simu yake ielekezwe huko. Wi-Fi na Bluetooth zikafuata, kwa kuwa ishara za setilaiti hufifia chini ya paa.

Mwanzo huo siukubali. Kumjua mtu alipo ndani ya kuta kulianza na daftari la hesabu, na ushahidi uko Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa mji mkuu Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Gerezani, kujua kila mtu yuko wapi ndiyo kazi yenyewe.

Mwishoni mwa 2013 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilichagua Dzaleka kujaribu mfumo wake mpya wa utambuzi. Wakimbizi karibu 17,000 walipita mezani: vidole vyote kumi juu ya kioo, macho mbele ya kamera hadi mboni zisomwe, kisha picha ya uso. Mfumo uliofanyiwa majaribio hapo ulipelekwa baadaye Thailand, Chad na kwingineko.

Wapo wanaosema shabaha ilikuwa kuzuia udanganyifu kwenye mgao wa misaada tu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wapo pia wakimbizi walioupokea mfumo huo kwa furaha, na hao wasikilizwe kwa makini. Aliyetoka Kivu, Kongo, au Burundi bila cheti hata kimoja alipata, kwa mara ya kwanza tangu akimbie, kumbukumbu isiyochanika wala kuibwa. Kuorodheshwa kwake kulikuwa kinga.

Ila orodha ina mwenyewe. Inamtambua mtu pale tu anapoitwa mezani. Yeye hawezi kuiita imtetee. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka. Mwezi Mei polisi wakaingia maduka na nyumba za Lilongwe, wakakamata mamia, watoto wakiwemo, na wengine wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Kazi hiyo haikuhitaji beji wala kipokezi. Ilitosha amri, na majirani wanaojua Mrundi anauza katika duka gani.

Anayeruka daftari la gereza na foleni ya 2013 anaandika historia ya wenye vifaa peke yao. Waliopanga foleni ile wengi bado wako Dzaleka, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Makumbusho na vyuo vyetu viwarekodi sasa, kwa lugha yao, kabla orodha haijabaki shahidi pekee.