Uchumi wa Ajira: Somo la Kwanza Liko Getini, Shanzu

Vijana wetu wanaosomea uchumi vyuo vikuu hufundishwa soko la ajira kwa mifano ya viwanda vya Marekani. Mimi nina diploma tu, lakini nimekaa Shanzu miaka ya kutosha kujua kwamba mifano tunayo hapa hapa mlangoni.

Katika soko la ajira muuzaji ni mfanyakazi, mnunuzi ni mwajiri, na bei ni mshahara. Ila hili si soko la Kongowea. Nazi isiyopata mteja leo itauzwa kesho, lakini siku ya kazi iliyokosa mnunuzi imekwenda na haihifadhiwi ghalani. Ndiyo maana anayesimama getini saa kumi na mbili asubuhi, na watoto wanangoja unga nyumbani, hukubali ujira ambao asingeukubali kama angekuwa na akiba ya wiki mbili.

Jambo jingine: mwajiri haihitaji kazi yenyewe. Mpishi huajiriwa kwa sababu kuna mgeni anayetaka kula. Tuyaite mahitaji tegemezi. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasije, ila kwa safari za lazima tu, kisiwani Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi. Shanzu tukawa ndani ya mstari. Watalii wakarudishwa kwa ndege, na wafanyakazi wa hoteli wakarudishwa majumbani. Hakuna aliyekuwa amesahau kupika wala kutandika kitanda. Ujuzi ulikuwa ule ule, wateja ndio hawapo. Pigo likamfikia mvuvi, dereva wa teksi, hata mama wa viazi karai. Mwaka 2020 korona ikaturudisha pale pale.

Basi utalii una misimu, na lazima mtu abebe hasara ya miezi mikavu. Ni nani? Hapa ndipo vitabu vingi hupita haraka, nami ningetaka mwanafunzi atulie. Jibu la Pwani ni la zamani: kibarua. Neno lenyewe ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku. Kabla utumwa haujafutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, watumwa wa Mombasa walikodishwa kwa vibarua na kugawana ujira na mabwana zao. Bandari ikaurithi utaratibu wa kuajiri kwa siku: meli ikija watu wanaitwa, ikiondoka hawana kazi, na mwajiri hana gharama.

Lakini mtindo huo ulimgeukia mwenyewe. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma Mombasa, wa bandari, wa reli, wa hoteli na hata wa majumbani. Kibarua hukumtisha kwa kumfukuza, kwani hakuwa na kazi ya kudumu ya kupoteza. Mgomo ukadumu takriban siku kumi na mbili. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti na kupelekwa uhamishoni Baringo, lakini baraza chini ya Jaji Thacker (ndiye huyo aliyemhukumu Kenyatta mwaka 1953) liliongeza mishahara. Miaka ya hamsini bandari ikaanza kusajili watu na kuwapunguza vibarua. Idadi ya watafuta kazi haikuwa imepungua mjini. Kilichobadilika ni nguvu ya kupatana bei, na mwanafunzi anayechora mistari miwili ya mahitaji na ugavi tu hataiona.

Leo Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mpigo. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Siku ya mapumziko ya wiki nayo huhesabiwa. Kwa hiyo mwajiri mjanja humpumzisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha akamwita tena. Ndugu zangu mlioko getini, andikeni tarehe zenu daftarini, na msifute ujumbe wa malipo kwenye simu.