Ngisi Mmoja, Majina Ishirini

Somo letu la historia leo halina mfalme wala vita. Ni habari za ngisi.

Ngisi wa sokoni mnamjua: ana mikono minane, na minyiri miwili mirefu ya kunasia chakula, na katikati mdomo mgumu kama wa kasuku. Basi yuko nduguye akaaye kilindini, mita mia kadhaa chini ya maji. Jike lake hufika mita 12 hivi, minyiri ikihesabiwa. Mrefu kama basi. Mabaharia wa Ulaya walimsimulia tangu zamani, na wenye elimu wengi hawakusadiki.

Mwaka 1853 bahari ilimtupa mmoja katika pwani ya Jutland, nchi ya Denmark. Watu wakamkatakata kuwa chambo. Hasara kubwa! Lakini mdomo wake ulisalimika, ukafika kwa Japetus Steenstrup, profesa wa mji wa Copenhagen. Mwaka 1857 yeye akaipa jamii ya ngisi hao jina la kitaalamu, Architeuthis. Angalieni: mnyama mkubwa namna ile, na ushahidi mkononi ni mdomo na vipande vichache tu.

Mwaka 1861 manowari ya Ufaransa, Alecton, ilikutana na mmoja karibu na kisiwa cha Tenerife. Wakampiga risasi, wakamtia kamba. Kamba ikamkata, wakabaki na kipande cha mkia. Miaka 12 baadaye, huko Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, wavuvi walimnasa mwingine wavuni. Kasisi mmoja, Moses Harvey, alimnunua, akatundika kichwa na mikono yake nyumbani, juu ya fito ya bafu, apigwe picha. Sijui mkewe alisemaje.

Hapo sasa ndipo majina yalipozidi. Kila mtaalamu alipata kipande chake: huyu kilichooza, yule kisicho na mikono. Tena minyiri hunyumbuka kama mpira. Mwaka 1887 huko New Zealand mmoja alipimwa futi 57, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa minyiri. Kila mmoja akadhani amepata aina mpya, akaipa jina. Majina yakafika kama 20. Usiwacheke. Wewe ungeletewa sikio la tembo leo na mkia wake mwakani, ungejuaje kwamba ni mnyama mmoja?

Picha ya ngisi huyu akiwa hai kilindini haikupatikana mpaka mwaka 2004, karibu na visiwa vya Ogasawara vya Japani, katika kina cha mita 900. Alinaswa kwenye ndoana, akajivuta zaidi ya saa nne, akaacha mnyiri wake akaenda zake.

Mwaka 2013 wataalamu, wengine wao wa Copenhagen, mji ule ule wa Steenstrup, walitoa matokeo ya kuchunguza vinasaba vya ngisi 43 wa bahari mbalimbali. Vinasaba ni alama za ukoo zilizomo katika kila kipande cha mwili, hata kilichokatwa. Alama hizo zilikaribiana mno. Wakasema aina ni moja tu duniani kote: Architeuthis dux, jina alilolitoa Steenstrup mwaka 1857.

Sasa mwalimu wenu atawaandikia ubaoni maneno matatu: mnyiri, kilindi, kinasaba.