Wimbo na Kumbukumbu ya Mgeni katika Bandari ya Bujumbura

Mgeni hakosekani katika Bandari ya Bujumbura. Burundi haina bahari, na Ziwa Tanganyika ni mojawapo ya milango yake michache ya biashara: saruji na sukari hupakiwa Mpulungu, Zambia, zikaletwa kaskazini kwa maji, na makontena yanayoshushwa Dar es Salaam husafiri kwa reli hadi Kigoma, kisha hupakiwa katika meli na matishari. Magharibi, ukivuka mto Rusizi kwa njia ya Gatumba, ni Uvira ya Kongo. Basi gatini yumo baharia wa Zambia, wakala wa mizigo kutoka Kigoma, mchuuzi wa Uvira aliyekuja asubuhi akitaraji kulala kwake, na Mkongo mwingine aliyeletwa na vita asiyejua atarudi lini. Wote hao wana nyimbo zao. Waandishi wengi wamezoea kuzisoma nyimbo hizo kama hati za uraia: Mkongo na rumba yake, Mtanzania na dansi lake, Mrundi na ngoma yake. Ushahidi wa pwani hizi za ziwa unaelekea kwingine. Wimbo anaoupenda mtu akiwa ugenini humrejesha katika mtaa fulani, umri fulani na watu fulani. Nchi huja baadaye, kama huja. Na aghalabu wimbo wenyewe uliufikia mtaa huo ukiwa mgeni.

Suala la wimbo na ugenini si jipya katika taaluma. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu huko Basel, aliandika tasnifu kuhusu maradhi yaliyowapata Waswisi walioishi mbali na kwao: huzuni, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula. Baadaye tabibu mwingine wa Basel aliongeza maelezo kwamba askari wa Kiswisi waliokuwa wakitumikia nchi za nje walizidiwa wakisikia nyimbo za wachunga ng'ombe wa milimani kwao. Jean-Jacques Rousseau alilirudia jambo hilo katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, akidai kwamba nyimbo hizo zilipigwa marufuku jeshini. Kama marufuku hiyo ilikuwapo kweli au ni hadithi ya kambini, si muhimu sana hapa. Lililo muhimu ni maelezo ya Rousseau. Aliona kwamba muziki ule haukuwa na uwezo wowote wa pekee. Asiye Mswisi aliusikia na asitikisike. Uliwaliza wale waliokuwa wameusikia zamani, kwa sababu uliwarudishia mazoea, ujana na starehe za siku zilizopita. Kwa Rousseau, sauti ilikuwa alama tu, na nguvu ilitoka katika maisha yaliyoambatana nayo.

Saikolojia ya karne hii imemuunga mkono kwa njia zake. Watafiti wamethibitisha mara nyingi kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya miaka kumi na thelathini ya umri wao, na nyimbo za kipindi hicho ndizo zinazoamsha kumbukumbu nyingi. Petr Janata, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 2009 kwamba wimbo unaomkumbusha msikilizaji mambo ya maisha yake huamsha sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na mambo ya nafsi. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 2013, Carol Krumhansl na Justin Zupnick waliwasikilizisha vijana wa Marekani nyimbo za miongo zaidi ya mitano, na vijana hao wakaguswa pia na nyimbo zilizotamba wazazi wao walipokuwa vijana, miaka kadhaa kabla wao hawajazaliwa. Matokeo hayo yana uzito mkubwa kwa mtu anayechunguza wakimbizi.

Ili kuona hoja hii inavyosimama Bujumbura, inafaa kuanza na mji wenyewe. Mji huo, uliojulikana kama Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962, ulikua kutokana na kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichojengwa ziwani mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa makubaliano ya mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) ipite bila kikwazo. Njia hiyo ilileta vitu na watu kwa pamoja: wachuuzi wa Ujiji, Wamanyema, mafundi, waalimu wa Kurani, askari waliomaliza utumishi. Wengi wao walikuja kukaa Buyenzi, kata ambayo mpaka leo inajulikana kwa Uislamu wake na kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani na barazani, katika nchi ambayo karibu kila mtu husema Kirundi. Mgeni wa Kigoma anayeshuka gatini na kuingia Buyenzi hana haja ya mkalimani. Chakula chenyewe, ugali wa muhogo kwa samaki wa mukeke au dagaa, kinafanana na cha kwao. Ni vigumu kusema ugeni wake unaanzia wapi: kwenye forodha, pengine, na kwenye ofisi ambazo karatasi zake ni za Kifaransa.

Muziki ulifuata njia ile ile, na mara nyingine ulitangulia mizigo. Tangu miaka ya 1950, rumba ya Kongo ilisambaa Afrika Mashariki kwa santuri na kwa redio ambazo mawimbi yake hayakujua mpaka. Kisha wakaja wanamuziki wenyewe. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mashariki mwa Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na alipofariki mwaka 2010 alizikwa na kuombolezwa kama Mtanzania. Samba Mapangala wa Matadi alipitia Kampala mwaka 1975, akafika Nairobi mwaka 1977, akaunda Orchestra Virunga, akaimba Kiswahili na Lingala. Safari ya upande wa pili nayo ilikuwapo: nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro zilipendwa Kenya kama kwao Tanzania, na yeye mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Ukiuliza muziki wa watu hawa ni wa taifa gani, jibu litakalotoka ni la kiofisi tu. Mzee wa Kigoma anayekumbuka ujana wake kwa sauti ya Remmy anakumbuka ukumbi wa dansi wa Tanzania uliojengwa kwa gitaa la Kongo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo wa "Kasongo" wa Super Mazembe. Bendi hiyo ilianzia Zaire, ikakaa Zambia, ikahamia Nairobi mwaka 1974, na wimbo huo ulirekodiwa huko katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Ni malalamiko ya mwanamke aliyeachwa, akimsihi mumewe arudi nyumbani; kwa maneno mengine, ni wimbo wa ugenini ulioimbwa ugenini, ila unaohuzunika ni upande uliobaki. Umeimbwa kwa Lingala. Wakenya wengi waliocheza nao hawakuelewa mashairi yake, na hilo halikuwazuia kuupenda kwa miaka karibu hamsini. Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka waliufufua na kulifanya jina hilo kuwa utani wa kumwita Rais William Ruto. Kama kumbukumbu ingekaa katika maneno ya wimbo, "Kasongo" usingedumu Kenya hata mwaka mmoja. Umedumu kwa sababu ulipigwa katika harusi, katika baa, katika matatu, na kila aliyeusikia aliambatanisha nao lililo lake.

Maisha ya kila siku ya bandarini yanaipa tabia hiyo ya kuambatanisha wimbo na maisha nafasi kubwa kuliko mahali pengine. Kazi kuu ya bandari, ingawa haitajwi katika takwimu za shehena, ni kungoja. Hungojwa meli, hungojwa wachukuzi, hungojwa hati, hungojwa mafuta ya dizeli, ambayo upungufu wake umeisumbua Burundi miaka ya karibuni. Mtu anayengoja akiwa kwake hupiga soga au huenda nyumbani. Anayengoja ugenini hubaki na simu yake. Zamani palikuwa na redio ya betri na kaseti, na kaseti ilikuwa mali ya kuazimana: ilisikilizwa na wengi kwa pamoja, na vipindi vya salamu vilimwezesha msikilizaji kutajiwa jina na wimbo wake mbele ya eneo zima. Leo nyimbo zimo katika kadi ya simu, zinasikilizwa kwa visikizio, na kila mmoja ana hazina yake. Mabadiliko hayo yamepunguza jambo moja ambalo halijachunguzwa vya kutosha, nalo ni nyimbo ambazo mtu hakuzichagua. Wimbo wa redio ya jirani, uliosikika kila jioni kupitia ukuta bila kuombwa, ndio unaohifadhi mtaa vizuri zaidi. Wimbo aliouchagua mtu mwenyewe huchujuka kwa kurudiwa: ukisikilizwa Uvira, Bujumbura na Kigoma kwa miaka kumi mfululizo, haukumbushi tena mahali popote.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Wapo wakimbizi ambao nyimbo kwao ni taifa hasa. Liisa Malkki, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu Wahutu wa Burundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, alilinganisha makundi mawili. Waliowekwa katika makazi ya Mishamo walijijengea historia ya pamoja, wakajiona kuwa taifa lililo uhamishoni. Waliojiendea mjini Kigoma walichangamana, wakaoana na wenyeji, wakachukua majina na utambulisho wowote uliowafaa. Malkki hakuandika kitabu cha muziki, lakini tofauti hiyo inaeleza mengi. Kambi huwakusanya watu kwa asili yao na kuwatenga na wengine. Hapo wimbo hupata kazi ya kutunza asili, na huimbwa kwa makusudi, kwaya ikiwa na mwalimu na ratiba. Bandari na mji hufanya kinyume. Kwa hiyo taifa linaloonekana katika nyimbo za kambini limetiwa humo na hali ya kambi yenyewe. Baadaye zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, na wengi wao walikuwa hawajapata kuishi Burundi. Utafiti wa Krumhansl na Zupnick unafaa kukumbukwa hapa: kijana aliyezaliwa Ulyankulu, makazi mengine ya wakimbizi hao nchini Tanzania, akiguswa na wimbo wa Kirundi, kinachomgusa kwanza ni mzazi wake aliyeuimba.

Warundi walio mbali zaidi wanatoa ushahidi wa namna nyingine. Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, akahamia Ubelgiji mwaka 1980, na albamu zake zilizompatia jina Ulaya, ikiwemo "Sambolera" ya mwaka 1996, amezijaza Kiswahili. Msomaji wa hati za uraia angetarajia Kirundi. Lakini mtoto wa mji wa bandari amekulia katika lugha zaidi ya moja, na Kiswahili ni lugha ya mji huo sawasawa. Kidum, aliyezaliwa mji huo huo na kukimbilia Nairobi mwaka 1995 wakati wa vita, ameimba Kirundi na Kiswahili kwa zamu, na "Nitafanya", aliouimba na Lady Jaydee wa Tanzania, ulipendwa katika nchi zote tatu. Hata wimbo uliotungwa waziwazi kusifu kwao unaweza kuvuka mpaka: "Leka Dutigite" wa mwaka 2012, ulioimbwa na wasanii wenye asili ya Kigoma waliokuwa wakifanyia kazi Dar es Salaam, ulipewa jina la Kiha, lugha ambayo Mrundi huielewa bila kufundishwa.

Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, huletwa mara kwa mara kama hoja ya kinyume. Ni kweli kwamba ni za taifa, na zina heshima yake. Lakini ni za sherehe. Mtu hazisikii akiosha vyombo, wala hakuna anayekumbuka kwazo bei ya dagaa mwaka fulani. Rumba nayo iliorodheshwa mwaka 2021 kwa maombi ya Kongo zote mbili, hatua ya haki kwa wabunifu wake, ingawa orodha ya aina hiyo haina mahali pa kumwandika msikilizaji wa Buyenzi au Kigoma.

Kutokana na hayo, dodoso linalomuuliza mgeni wa Bujumbura ni nyimbo zipi za nchi yake anazozipenda limekwisha kumpa jibu kabla hajafungua kinywa. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya ukanda huu wanaochunguza uhamiaji wangefanya vyema kuuliza wimbo ulisikika mwaka gani, katika nyumba ya nani, kwa redio au kaseti ya nani, na nani walikuwapo. Wimbo uliosikika mwaka 1997, nchi jirani zilipokuwa zimeiwekea Burundi vikwazo na biashara ya gatini imedorora, hauwezi kubeba kumbukumbu ile ile na uliosikika mwaka 2007, Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maswali hayo yaulizwe mapema, kwa kuwa waliokuwa vijana gatini katika miaka ya 1960 wamebaki wachache, na kaseti zao haziwezi kuwasubiri watafiti milele.