Sauti za vijana Nyanza: Kutoka Piny Owacho hadi moto wa Mawego

Julai 3, 2025, vijana waliokuwa wakisindikiza jeneza la mwalimu Albert Ojwang walilipitisha katika kituo cha polisi cha Mawego, si mbali na mji wa Kendu Bay, kisha wakakiteketeza. Hapo ndipo marehemu alipozuiliwa kwanza Juni 7, kabla ya kusafirishwa hadi Nairobi kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa katika mtandao wa X kumhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Kesho yake alikuwa amekufa, akiwa mikononi mwa polisi. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Moto ule ulisemwa kuwa hasira za siku moja. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 vijana waliosoma wa Nyanza wamekuwa wakidai haki kwa maandishi, na kila serikali imechagua yenyewe jinsi ya kuwajibu.

Desemba 23, 1921, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Winam, maelfu ya watu walikusanyika Lundha, Gem. Waliowaita walikuwa vijana waliosomea shule ya misheni ya Maseno, wengi wao walimu. Jonathan Okwiri alichaguliwa mwenyekiti, Benjamin Owuor Gumba katibu, Simeon Nyende mweka hazina. Chama chao kilikaa vichwani mwa watu kwa jina la Kijaluo, Piny Owacho, yaani nchi imesema, ingawa chenyewe kilijiita Young Kavirondo Association.

Walikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 1920 nchi ilikuwa imegeuzwa kuwa koloni, na watu wakahofia kupokonywa ardhi. Waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia, walikotumikishwa kama wapagazi, waliwaacha wenzao wengi makaburini. Kila mwanamume alilazimika kutembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Aliyekutwa bila kipande alifungwa. Kodi ya nyumba nayo ilikuwa shilingi 16, na hata wajane walidaiwa.

Vijana wale waliyaandika madai yao: kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe, kazi za kulazimishwa zikome, watu wapewe hati za mashamba yao. Mwaka 1922 Gavana Edward Northey alikubali kukutana nao Nyahera. Kodi ikashuka hadi shilingi 12. Kipande kilibaki, na hati za mashamba hawakupewa. Hata hivyo walisikilizwa, na hakuna aliyepigwa risasi Nyahera. Nairobi mambo yalikuwa tofauti kabisa. Machi 16 mwaka uo huo, umati uliotaka mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe kutoka kizuizini ulimiminiwa risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 wakafa. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Kilichowadhoofisha vijana wa Piny Owacho kilikuja kwa upole. Mwaka 1923 Shemasi Mkuu Walter Owen wa Kanisa la Anglikana alikichukua chama chini ya mbawa zake na kukigeuza kuwa cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama wakaahidi kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Ni mambo mema, lakini hayakuwa yale yaliyowakusanya Lundha. Wakatoliki wakajitenga na kuwa na chama chao, kisha Waluo na Waluhya nao wakaachana. Kwangu mimi, kuupoteza umoja huo kulikuwa hasara kubwa kuliko kodi yenyewe.

Hasara hiyo inauma zaidi ukiitazama Kendu Bay, mji ambao Waislamu na Wakristo wameishi pamoja kwa vizazi. Misheni ya Wasabato ya Gendia ilianzishwa hapo 1906 na Arthur Carscallen kutoka Kanada pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland. Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang, alisilimu, lakini mwanawe Barack, baba wa Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani, alianza masomo yake Gendia, kwa Wasabato. Kuvumiliana huko hakukuhitaji semina.

Mwanasiasa Tom Mboya wa Rusinga aliiendeleza sauti ya vijana wa Piny Owacho. Mwaka 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra akiwa na miaka 28. Risasi ilimkuta Nairobi Julai 5, 1969.

Vijana wa Juni 2024 walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama. Walikuwa wameurudia umoja ambao vijana wa Piny Owacho waliupoteza. Rais aliukataa mswada, lakini makumi ya vijana walikuwa wameuawa. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Ojwang. Watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji yake.

Sitetei kuchomwa kwa Mawego. Mama aliyeibiwa ng'ombe usiku hupiga ripoti kituoni. Lakini sheria ilikuwa wazi kabla ya moto: mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumchafulia mtu jina si jinai tena. Anayeona ametukanwa mtandaoni ana mahakama ya madai. Basi kwa kila mkuu wa kituo atakayeletewa malalamiko kuhusu maandishi ya kijana: mwelekeze mlalamishi huko, na umwache kijana alale kwao.