Njia ya Inka: Safari ya miguu hadi magofu ya Machu Picchu

NJIA ya Inka ni barabara ya kale ya mawe nchini Peru, Amerika Kusini, ambayo huwafikisha wasafiri kwa miguu katika magofu ya Machu Picchu. Ni sehemu ndogo tu ya mtandao wa barabara wa takriban kilomita 30,000 uliounganisha milki ya Wainka kabla ya Wahispania kuiangusha katika karne ya 16.

Wengi huanzia mahali paitwapo Kilomita 82, kando ya reli, na kutembea kilomita zipatazo 43 kwa siku nne. Siku ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwani hupandwa hadi Warmiwañusqa, jina la Kiquechua lenye maana ya "mwanamke aliyekufa", mita 4,215 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na hata kijana mwenye siha huweza kuumwa na kichwa na kushikwa na kichefuchefu. Ndiyo sababu wageni hushauriwa kukaa kwanza siku mbili au zaidi mjini Cusco, ulio kwenye mita 3,400 hivi, ili miili izoee.

Kisha njia hushuka na kuingia msitu wenye ukungu na maua ya okidi, ikipitia magofu ya Sayacmarca na Wiñay Wayna. Siku ya nne msafiri hufika Inti Punku, yaani Lango la Jua, na kuiona Machu Picchu chini yake. Mji huo ulijengwa karne ya 15, zama za mfalme Pachacuti. Mmarekani Hiram Bingham aliutangazia ulimwengu baada ya kuongozwa huko na mkulima wa eneo hilo, Melchor Arteaga, mnamo Julai 1911.

Hata hivyo, uzito wa safari hii hauwaelemei watalii. Mahema, majiko na vyakula hubebwa na wapagazi, wengi wao wakulima wa milimani. Sheria ya mwaka 2001 iliweka kikomo cha kilo 20 kwa kila mpagazi, na mizigo hupimwa kwenye vituo vya ukaguzi. Aidha, watu 500 pekee huruhusiwa kuanza safari kila siku, zaidi ya nusu yao wakiwa wapagazi na waelekezi. Njia hufungwa kila Februari, msimu wa mvua, ili ikarabatiwe.

Anayenuia kwenda hana budi kupata kibali miezi kadhaa mapema kupitia kampuni iliyoidhinishwa. Kabla ya kulipa, ni vyema aulize wapagazi watalipwa kiasi gani na watalala wapi.